Tiketi ya treni ya India inaandika WL/12 na Mama anasafiri keshokutwa. Ana kitanda au hana?

MamaMchele_Mwanjelwa (Jumanne, saa 3:40 usiku)

Wakuu habari za usiku. Naomba mwenye uzoefu na treni za India anisaidie. Tafadhali asije mtu kuniambia "kagugo", huko nimeshatoka na kichwa kinaniuma.

Mama yangu ana miaka 67. Mwezi uliopita alipelekwa Chennai kufanyiwa upasuaji wa goti, kaenda na kaka yangu mkubwa. Namshukuru Mungu goti limekaa vizuri, anatembea na fimbo. Ndege yao ya kurudi Dar inaondokea Mumbai alfajiri ya Jumamosi. Kutoka Chennai hadi Mumbai tulikubaliana wapande treni, maana hela ya ndege ya ndani ilishaingia kwenye goti. Tiketi alikata wakala mmoja wa hukohuko wiki tatu zilizopita, akalipwa yote. Kaka akasema tiketi ipo. Wakala naye kila akiulizwa: tiketi ipo.

Leo jioni nimefunga biashara mapema (mvua, Mwanjelwa haikaliki) nikamwomba kaka anitumie picha ya hiyo tiketi, nijue wanaondoka saa ngapi. Juu kuna namba ya tarakimu 10, wanaiita PNR. Kijana wa jirani akaniambia ukiiingiza kwenye tovuti ya reli ya India unaona hali ya safari. Nikaingia. Tovuti ikaniuliza kwanza hesabu, 214 jumlisha 37, nikadhani nimekosea njia nimeingia kwenye mtihani wa darasa la nne. Nikajibu, ikanipa hivi:

Abiria 1: GNWL/41 ... WL/12
Abiria 2: GNWL/42 ... WL/13
Chini yake wanasema chati bado haijatengenezwa.

Mimi nikaelewa kwamba Mama ana kitanda namba 41 behewa la 12. Nikafurahi, nikampigia dada yetu Tukuyu nikamwambia Mama yuko behewa la 12. Dada naye akawaambia watu wa kanisani. Baadaye yule kijana akaja kuangalia simu yangu, akakaa kimya, akasema: "Shangazi, WL ni watu wa kusubiri."

Sasa wanasubiri nini tena na hela tumelipa? Treni ni Alhamisi saa saba na nusu mchana kwa saa za kule. Mama hawezi kusimama hata robo saa.

PNR yenyewe ni 42█-███████ *(mleta mada amehariri)*

---

NyundoYaUyole (saa 3:52 usiku)

Dada wala usiumize kichwa. Mwambie bro apande tu na huyo mama, mgonjwa hashushwi. Wakishakuwa ndani wanamalizana na konda kwa kitu kidogo, dunia nzima ndivyo ilivyo.

---

Kijiti_cha_Kabwe (saa 3:58 usiku)

Mleta mada, namba ya PNR uliiweka yote, nimekuandikia inbox uifute. Mwenye hizo tarakimu 10 anaona safari yako nzima: treni, tarehe, hadi kitanda. Nyumba Mbeya haina mtu na wewe unatangaza siku ya kurudi.

---

MamaMchele_Mwanjelwa (saa 4:01 usiku)

Nimefuta kaka, asante. Nyumba ina mtu na mbwa wawili lakini.

---

Mhehe_wa_Ipogolo (saa 4:30 usiku)

Kamwene dada. Pole kwa presha, na hongera kwa goti la Mama. Mimi nilisoma Pune, hukohuko India, miaka mitatu na hizo herufi zimeninyima sana usingizi, kwa hiyo acha nikueleze taratibu. Nyundo nitamrudia.

Hizo namba zisome kama foleni ya malori Tunduma. Siku wakala anakata tiketi, vitanda vyote vya daraja hilo vilikuwa vimeshachukuliwa, na kwenye foleni ya kusubiri kulikuwa na watu 40. Mama akawa wa 41, kaka yako wa 42. Hiyo ni namba ya kushoto, na haibadiliki tena hadi mwisho wa safari. Inakukumbusha tu ulipoanzia. Ya kulia ndiyo inayotembea, inakuonyesha ulipo sasa hivi: Mama ni wa 12. Yaani ndani ya wiki tatu watu 29 waliokuwa mbele yake wameshatoka kwenye foleni, wengine wamepata nafasi za walioghairi, wengine wamekata tamaa wakaondoka wenyewe. Kila ukifungua, macho yako yaende kulia.

Kwa hiyo wakala hajasema uongo, tiketi ipo. Kitanda ndicho hakipo. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa kule, na mawakala wanalijua hilo kuliko sisi.

Habari njema ni hizo herufi mbili za mwanzo, GN. Ni foleni ya jumla, ya wanaopandia mwanzo wa safari ya treni au jirani na hapo, na ndiyo inayosogea kuliko zote. Kama ungeniandikia RLWL au PQWL, ambazo ni foleni za stesheni za katikati na zile ndogondogo zinazogawana mgao mmoja, ningekuambia uanze kutafuta njia nyingine usiku huuhuu. TQWL ndiyo mbaya zaidi, hiyo ni foleni ya tiketi za dharura, na hao karibu wote huachwa.

Sasa safari ya tiketi ni hivi. WL ikiisha mbele yako huendi moja kwa moja kitandani, unaingia kwanza RAC. RAC ni nusu ya kitanda. Kwenye mabehewa ya kulala kuna vitanda vya pembeni mwa ujia. Kile cha chini kinakunjwa kinakuwa viti viwili vinavyotazamana, na watu wawili wa RAC wanapewa hicho kimoja. Umewahi kupanda Noah ya Tukuyu wakakwambia "sogea dada, hapo ni watu wawili"? Basi, tofauti ni kwamba ile ni saa moja na hii ni usiku kucha, na nauli umelipa kamili. Lakini mwenye RAC anapanda treni kihalali. Baada ya RAC ndipo inakuja CNF, kitanda chako peke yako.

Mwenye WL hapandi. Hapa ndipo namrudia Nyundo: tiketi iliyokatwa mtandaoni, ikiwa abiria wote wamebaki WL chati ikitoka, inajifuta yenyewe. Ukipanda nayo ni sawa na kupanda bila tiketi. Utapigwa faini, na unaweza kushushwa stesheni usiyoijua, na huyo ni mama wa miaka 67 mwenye fimbo. Hata wenye tiketi za karatasi za dirishani zilizobaki WL hawaruhusiwi kuingia mabehewa ya vitanda. Usimpe dada wa watu ushauri wa kituo cha Nane Nane.

Na hela ya tiketi iliyojifuta inarudi yenyewe, lakini inarudi kwenye akaunti iliyolipia. Nani alilipia? Wakala. Kwa hiyo kaka yako amwambie mapema, na kwa meseji ya maandishi, kwamba anajua hilo.

---

MamaMchele_Mwanjelwa (saa 4:48 usiku)

Ndaga fijo kaka yangu. Mimi napima mchele kwa debe miaka 14, hesabu naijua, lakini hakuna aliyeniambia kwamba kuna kushoto na kulia. Tunduma nimeielewa haraka, mume wangu alikuwa tandiboi.

Maswali mawili. Hiyo chati ni kitu gani na inatoka saa ngapi kwa saa zetu? Na kama wakipata hiyo RAC ya Noah, Mama atakaa usiku mzima na mtu baki?

---

Mhehe_wa_Ipogolo (saa 5:10 usiku)

Chati ni orodha ya mwisho ya majina na vitanda. Ikishatoka, WL aliyebaki amebaki. Zamani ilikuwa inatoka saa nne kabla ya treni kuondoka, watu wanalala stesheni hawajui hatima yao. Mwaka 2025 wakaisogeza mapema zaidi. Treni inayoondoka kabla ya saa nane mchana, kama ya kwenu, chati yake hutoka usiku wa kuamkia safari. India wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Hiyo nusu ndiyo inayowachanganya watu, wanajumlisha mbili au tatu. Usiku wao wa mapema ni jioni yetu. Kesho ukishafunga duka, ukiwa unapanga sufuria jikoni, anza kuangalia.

Halafu kuna chati ya pili, kama nusu saa kabla ya treni kuondoka, inaokota walioghairi dakika za mwisho. Ila hiyo ni ya kuwasaidia wenye RAC, usiitegemee kwa WL.

Kuhusu RAC: abiria wako wawili wako kwenye tiketi moja na namba zao zimefuatana. Mara nyingi wanaangukia kitanda kilekile. Basi wananyoosha kile kiti kinakuwa kitanda, Mama analala, kaka anakaa miguuni. Nimeona wengi wanafanya hivyo na konda hasemi kitu.

Ushauri wa ziada, usisubiri mkono shavuni. Kesho asubuhi kaka abebe pasipoti zote mbili aende ofisi ya tiketi pale Chennai Central. Kuna mgao wa wageni kwenye baadhi ya treni, si zote, na unakatwa kwa pasipoti. Aulize. Zile tiketi za dharura za siku moja kabla zinafunguliwa saa nne asubuhi ya kule kwa mabehewa yenye kiyoyozi, kwetu saa moja na nusu, na saa tano kwa yasiyo na kiyoyozi. Lakini mtandaoni siku hizi zinadai Aadhaar, kitambulisho cha wakazi wa India, na mawakala wanazuiwa dakika 30 za mwanzo. Wakala akimwambia "nipe hela nyingine nakupatia fasta", akae naye mbali.

---

KondaMstaafu_Makambako (Jumatano, saa 12:15 asubuhi)

Nimeamka nikakuta uzi huu nikacheka peke yangu. Sisi TAZARA hatukuwa na haya mambo ya kulia na kushoto. Chumba cha daraja la kwanza vitanda vinne, la pili sita, wanaume kwao na wanawake kwao labda mnunue chumba chote. Jina lako liko kwenye karatasi au haliko. Foleni yetu ilikuwa ni treni yenyewe, unaambiwa inapita Makambako saa tano usiku, inapita kesho yake unafua nguo.

Ila huyu kijana wa Ipogolo kasema kweli kuhusu kupanda bila nafasi. Nimeshusha watu mimi, na ilikuwa inaniuma. Mgonjwa usimpandishe kwa kubahatisha. Binti, Mama analala kitanda cha chini? Goti hilo haliwezi kupanda ngazi.

---

Mhehe_wa_Ipogolo (saa 12:40 asubuhi)

Mzee shikamoo. Swali zuri, nilisahau. Wanawake wa kuanzia miaka 45 na wanaume wa kuanzia 60 wana upendeleo wa kitanda cha chini, ila mfumo unaufuata kama kipo na kama wakala aliandika umri sahihi. Dada, angalia kwenye ile picha, umri wa Mama umeandikwa ngapi?

---

MamaMchele_Mwanjelwa (saa 1:05 asubuhi)

Shikamoo mzee wangu. Umri nimeuona: 67. Hapo angalau wakala kaandika sawa.

Nimefungua sasa hivi kabla ya kutoka, Mama ni WL/4 na kaka WL/5. Kutoka 12 hadi 4 kwa usiku mmoja! Nimesimama katikati ya jiko nikapiga vigelegele, watoto wakadhani Simba imefunga.

Kaka yuko njiani kwenda hiyo stesheni na pasipoti.

---

NyundoYaUyole (saa 1:20 asubuhi)

Nakubali nilikosea jana. Lakini na mimi nauliza: ikifika CNF halafu haionyeshi namba ya kitanda? Shemeji yangu yuko Delhi, alinitumia skrini shoti imeandikwa CNF tupu.

---

Mhehe_wa_Ipogolo (saa 2:00 asubuhi)

Hiyo ni kawaida. Aliyetoka foleni akafika CNF kabla ya chati anaambiwa tu kitanda chake kipo, namba atapewa chati ikitoka. Ukiona CAN/MOD hapo ndipo ushtuke, ina maana abiria huyo ameghairiwa au kuna kitu kimebadilishwa.

Chati ikitoka utaona kitu kama B2 25. B ni behewa la kiyoyozi la vitanda vitatu vitatu, A ni la viwili viwili, S ni la kawaida lisilo na kiyoyozi. Namba ya kitanda kwenye B na S igawe kwa nane, uangalie kinachobaki: ikibaki moja au nne ni cha chini, mbili au tano katikati, tatu au sita juu, saba ni pembeni chini (hiyo ndiyo ya RAC), na isipobaki kitu ni pembeni juu. Mwenye debe hilo halimshindi.

---

MamaMchele_Mwanjelwa (saa 7:30 mchana)

Ripoti ya mchana. Kaka kafika stesheni, wamemwambia mgao wa wageni kwa treni hiyo umeisha. Mhudumu wa dirishani kamwambia asighairi tiketi aliyonayo.

Nimefungua saa saba: Mama RAC/11, kaka RAC/12. Kwa hiyo wanapanda! Noah au si Noah, wanapanda. Nimempigia dada Tukuyu nimemwambia awaambie watu wa kanisani kwamba habari ya behewa la 12 ilikuwa ya awali.

---

KondaMstaafu_Makambako (saa 7:41 mchana)

Hahaha "ya awali".

---

MamaMchele_Mwanjelwa (Jumatano, saa 1:25 jioni)

Wakuu chati imetoka na sijui nicheke au nilie.

Abiria 1: CNF B2 25
Abiria 2: RAC B5 47

Nimegawa kwa nane kama ulivyonifundisha. 25 inabaki moja, Mama yuko chini. 47 inabaki saba, kaka yuko pembeni nusu kitanda. Lakini huyu B2 na huyu B5! Wametenganishwa! Mama hajui Kiingereza wala Kihindi, anajua Kinyakyusa na Kiswahili. Akitaka kwenda chooni usiku nani atamshika mkono?

Asubuhi walikuwa WL zote mbili nikataka wapate chochote, sasa wamepata nalalamika. Nisamehe Mungu.

---

Mhehe_wa_Ipogolo (saa 1:50 jioni)

Imeruka hivyo kwa sababu chati ikitengenezwa kuna vitanda walivyokuwa wamewawekea watu wa dharura na wakubwa. Visipotumika vinaachiwa, foleni inasogea kwa mkupuo. Mama ndiye wa kwanza kwenye tiketi, akakipata.

Kutengana kusikutishe. B2 na B5 ni mabehewa yaliyoungana, unatembea ndani kwa ndani. Kaka apande na Mama B2, amkalishe, akae naye mchana huo wote. Konda akija na kile kitableti chake amwonyeshe Mama na fimbo, aseme "mgonjwa, tuko pamoja". Konda anaona mle nani hajapanda, na vitanda vyao anawagawia wenye RAC kwa zamu. Aombe kwa adabu, asitoe kitu mfukoni (Nyundo unanisikia?). Na aweke pasipoti zenyewe karibu, wanaangalia kitambulisho halisi.

---

MamaMchele_Mwanjelwa (Ijumaa, saa 6:10 mchana)

Wameshuka Mumbai. Nilisema nitaleta mrejesho, huu hapa.

Kaka alifanya kama alivyoambiwa. Konda alikuwa mzee wa makamo, akaangalia fimbo, akaangalia kitableti, akasema ngoja. Zikapita stesheni mbili. Akarudi, akamwambia abiria wa 27 hajaonekana tangu Chennai, akamwandika kaka pale. Nikagawa: inabaki tatu, kitanda cha juu kabisa. Behewa ni B2 hilohilo, juu ya Mama, katikati yao kalala kijana mmoja mwanafunzi aliyempa Mama chai. Hakuna aliyeomba hela.

Nimeongea na Mama dakika mbili. Sikupata hata kumweleza WL ni nini, yeye ananisimulia kwamba kaka kakoroma kutoka kule juu usiku kucha hadi yule mwanafunzi akawa anagonga kitanda kwa chini, na kwamba hiyo treni haikusimama mahali pa kununua hata mahindi ya kuchoma.